Msomaji wa Barua za Mjomba

Bwenini, 4 Mei

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na taipureta zako hazijambo, hasa ile ya kijivu inayogoma kupiga herufi R. Mimi mzima, ila mwenzangu wa chumbani amenuna kwa sababu nyaya zangu zimepita chini ya kitanda chake. Habari za mapacha wa dada bila shaka umezipata. Mama amekwenda kumsaidia kulea na hatarudi mpaka Agosti, kwa hiyo Baba yuko peke yake nyumbani, na sote tunajua anavyopika. Tafadhali mwalike chakula kabla hajaunguza jiko.

Uliniuliza kama kompyuta inafikiri. Haifikiri hata chembe! Ni mtumishi mtiifu asiye na akili. Ukimwambia apande ngazi atapanda, na ngazi ikiisha ataendelea kupanda hewani mpaka umwambie basi. Hizi mpya zinazojibu kila swali nazo nimezijaribu. Zinanifurahisha, lakini zinajiamini mno, kama jirani yako fundi cherehani anapomwelekeza mtu njia ya mahali asikowahi kufika.

Na michezo ya siku hizi, Mjomba, inanichosha. Unawasha, unaoneshwa hadithi nusu saa nzima, mfalme analia, farasi anakufa, na wewe hujabonyeza hata kitufe kimoja. Mchezo mzuri ni ule unaokushinda ndani ya dakika moja, ukatukana kidogo, ukarudia. Halafu ulijua kwamba mwezi unatukimbia? Karibu sentimita nne kila mwaka. Nilimwambia Baba kwenye simu, akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Sasa neno lenyewe. Mjomba, famasia siitaki. Sifeli, nafaulu, na hiyo ndiyo balaa kwa sababu hakuna atakayeniamini. Mikono inapima unga maabara, kichwa kiko kwenye programu niliyoiacha imekwama. Chuo kinaruhusu kuhamia idara ya kompyuta, lakini fomu iwe na sahihi ya mzazi na irudishwe kabla ya tarehe 31 Julai. Baada ya hapo ndiyo basi tena, nitapima unga mpaka nizeeke.

Baba unamjua. Miaka thelathini nyuma ya kaunta ya dawa, na ameshaacha nafasi kwenye kibao cha duka ya kuandika "na Binti". Mimi siku hizi namwita Mzee Haiwezekani. Wewe ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia neno likafika mwisho bila kukatizwa. Niombee kwake.

Mpwa wako,
Bi Vitufe

*

Karakana, 15 Mei

Mpwa wangu Bi Vitufe,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Taipureta ya kijivu imepona. Kulikuwa na punje ya mchele ndani, sijui karani wa mahakama aliyeniuzia alikuwa anakula wapi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kuzitambua herufi, ya pili kuyaunganisha maneno, ya tatu ndipo nikaelewa. Mwandiko wako ni maafa, mwanangu. Nilikufundisha kupiga taipureta ukiwa na miaka saba, nikakufunga macho kwa kitambaa ili vidole vijifunze njia vyenyewe, na ulikuwa hodari. Kumbe nilipaswa kukufundisha kushika kalamu.

Kuhusu kompyuta, naona umeieleza vizuri, ila umenisikitisha. Nilitumaini angalau ina akili kunishinda, maana wateja wote imenichukulia.

Baba yako huja kula hapa kila Jumapili. Hasemi mengi. Anakula, anasifu chumvi, anaondoka. Hilo jambo lako nimelisikia na nitatafuta upenyo, lakini mambo ya shemeji yangu hayaendeshwi mbio. Wiki ijayo nina shughuli kidogo ya siku chache, usiniulize ni ipi. Nikichelewa kujibu usije ukaninunia.

Mjomba wako,
fundi taipureta asiye na haraka

*

Bwenini, 27 Mei

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Shughuli gani hiyo ya siri? Kama ni mchumba, nataka kuwa wa kwanza kujua. Mimi mzima, mwenzangu wa chumbani ameacha kununa baada ya kumtengenezea simu yake. Mama anasema mapacha wanalia kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anapokea.

Maoni ya wiki hii: kompyuta za mapajani zinatengenezwa nyembamba mno. Nani aliomba? Mimi nataka kibodi ambayo ukibonyeza unaisikia. Hizi za sasa ni kama kubonyeza biskuti iliyolowa. Hapo nakubaliana na wewe na vyuma vyako. Na watu wanaosema roboti watatutawala sijui wamewahi kuona roboti mwenyewe. Wa hapa chuoni alichukua dakika tano kufungua mlango, na ulikuwa wazi.

Mjomba, nimeunda mchezo! Usicheke. Wewe ni mfamasia dukani. Wateja wanapanga foleni, kila mmoja ana karatasi ya daktari yenye mwandiko wa ajabu, na lazima uisome na utoe dawa sahihi kabla mteja hajakasirika. Mfamasia ana miwani kwenye ncha ya pua, na ukimgusa anasema "Haiwezekani!" Sauti nimeigiza mimi mwenyewe. Nimeuweka mtandaoni, wanafunzi wa idara ya kompyuta wanaucheza na mhadhiri wao ameniuliza niko mwaka wa ngapi. Nikasema niko famasia. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia.

Basi fomu ndiyo hii humu ndani. Nakusihi, usimpe Baba mpaka awe ameshiba na amecheka. Akiwa ameshiba tu haitoshi, nimemchunguza tangu utotoni. Mjomba, nikiicheka hali hii usidhani kwamba nacheza. Jumatatu nilikaa maabara nikalia, nikasingizia kemikali.

Mpwa wako,
Bi Vitufe

*

Karakana, 12 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mchumba hakuna, kuna umri tu. Barua yako na fomu vimefika salama. Huku ni heri, isipokuwa fundi cherehani amenunua redio yenye sauti kubwa kuliko chumba chake.

Kuna jambo nimekuwa nikilizungukazunguka, na si vizuri kukuficha. Ngoja ninywe maji kwanza nipate nguvu ya kukuambia.

,svjp usmhi us,rgimhes/ smsurmodp,rs nstis xslp mo nsns uslp/

Haya, nimekwisha kusema, moyo wangu umetua. Najua utashtuka. Usimkasirikie, yeye hakuomba, ni mimi niliyemwita. Na mimi pia usinikasirikie, nilikuwa sina mwingine. Niliinua mikono kwanza ili nipumue, ndipo nikairudisha na kuendelea na mstari huu.

Andika kama kawaida. Usibadilishe hata kidogo namna unavyoandika.

Mjomba wako,
fundi

*

Bwenini, 22 Juni

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Mjomba, taipureta yako imepandwa na mashetani! Ulisema unaniambia jambo zito, kisha ukaniandikia mstari wa lugha ya paka aliyetembea juu ya meza. Au umeanza kunitungia mafumbo? Kama ni fumbo, nimelipenda. Nina mtihani Jumatatu, nikitoka humo nalikalia kitako.

Mama mzima, mapacha wameongezeka uzito. Mimi nimepungua. Fomu imefikia wapi? Umeshampa? Alikuwa ameshiba? Usiniache roho juu, zimebaki wiki tano na ushee.

Mchezo wangu nimeuongezea kitu. Mfamasia akishindwa kusoma karatasi, anaigeuza juu chini, anaisogeza kwenye mwanga, anainusa, halafu anasema, "Daktari huyu alikuwa anakimbizwa na nyuki." Baba kabisa! Unakumbuka alivyofanya ile siku ya karatasi ya mama mwenye nyumba? Wenzangu wamevunjika mbavu. Lakini usimwambie, maana Mzee Haiwezekani akijua amekuwa kibonzo, sahihi nitaisikia redioni.

Wakati mwingine nafikiri, angekaa dakika kumi tu akacheza huo mchezo, angeona kwamba nimemtazama vizuri miaka yote hii. Lakini atakaaje? Kwake kompyuta ni mashine ya kuchapia lebo.

Mpwa wako mwenye mtihani,
Bi Vitufe

*

Bwenini, 25 Juni

Mjomba!

Shikamoo, pole, na Mungu wangu!

Nimelifungua. Ile "nsns" ndiyo iliyonipa mwanga: silabi moja inayojirudia, kama mama, dada, kaka. Nikaandika programu fupi ijaribu kusogeza herufi, na ilipozisogeza zote kitufe kimoja kushoto, ikasomeka: "macho yangu yamefungwa. anayenisomea barua zako ni baba yako."

Vidole vyako vilikaa kitufe kimoja pembeni ulipotoka kunywa maji. Mtu wa miaka arobaini kwenye taipureta hakosei hivyo kama anaiona karatasi. Mjomba, macho yana nini? Umefanyiwa nini? Kwa nini hukuniambia?

Na barua yangu ya tarehe 22 iko njiani, siwezi kuikimbilia. Na ile ya Mei... nimekwisha.

Baba, kama ni wewe unayesoma hapa, shikamoo. Sijui niandike nini tena.

Binti

*

Karakana, 10 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Tangu ile barua fupi umekaa kimya, na mimi sipendi. Kwa hiyo leo nakumwagia yote, na nimevihakikisha vidole vyangu mara mbili kabla ya kuanza.

Pazia la ndani ya jicho la kulia lilikuwa limebanduka. Ndiyo ile shughuli yangu. Daktari alilibandika mahali pake, kisha akafunga macho yote mawili, eti lile zima lisimchokoze mwenzake. Wiki kadhaa nikae gizani. Sikukuambia kwa sababu ungepanda basi uje, na mtihani je? Kupiga taipureta naweza, umeona, kwa kiasi fulani. Kusoma ndiyo mtihani wangu mimi.

Barua yako ya tarehe 27 Mei ilipofika, nilimpa fundi cherehani. Akaishika kitambo, akasema, "Mzee, hiki ni kipimo cha mapigo ya moyo." Nikampa mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara. Akasoma "Mjomba mpenzi" akaomba radhi. Mwanangu, mwandiko wako hapa mtaani unasomwa na mtu mmoja tu, na huyo amesoma karatasi za madaktari miaka thelathini.

Basi Jumapili ya tarehe 9 Juni, baada ya kula, nikampa baba yako. Anasoma kwa sauti ile anayosomea maelekezo ya dawa, kutwa mara tatu, tikisa kabla ya kutumia. Harukii hata nukta. Alipofika kwa mfamasia wa miwani anayesema haiwezekani, akasimama. Nikamsikia anavua miwani yake. "Shemeji, huyu ni nani?" Nikasema, "Endelea, huenda akatajwa mbele." Akaendelea. Akafika pale pa kulia maabara, akapasoma mara mbili, ya pili polepole. Halafu akarudi mistari michache nyuma, "Usimpe Baba mpaka awe ameshiba na amecheka."

Mimi natafuta mlango kwa mikono. Kisha akasema, "Kushiba nimeshiba." Fomu nikaisikia inakunjwa inaingia mfuko wa shati. Akaniaga akaenda zake.

Tangu hapo kila Jumapili anaingia, na hata hajaketi anauliza, "Imekuja?" Ile ya tarehe 22 aliponisomea habari za nyuki, alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni, na nilimkosa mara ya kwanza. Nikadhani sasa atatoa fomu. Hakutoa. Nimemuuliza wazi, akasema, "Bado iko mfukoni." Zaidi ya hapo siwezi kumtoa neno. Jumapili iliyopita hapakuwa na barua, akala nusu sahani.

Tarehe 31 iko karibu, naijua. Siwezi kumpokonya mtu karatasi nikiwa sioni mfuko ulipo. Andika.

Mjomba wako,
kipofu wa muda

*

Bwenini, 15 Julai

Mjomba, shikamoo. Na Baba, shikamoo.

Pole sana na macho, Mjomba. Nimelia, halafu nimecheka ulipomkosa mgongo, halafu nimelia tena.

Nilinyamaza kwa aibu. Kila nikishika kalamu naiona miwani ya Baba ikishuka kwenye ukurasa. Baba, nisamehe kwa lile jina. Mengine siyafuti, kwa sababu ni kweli. Kompyuta naipenda na famasia nalia nayo. Zimebaki siku kumi na sita. Ukikataa, kataa kwa maandishi ili nijue, nami nitarudi maabara na kupima unga vizuri, sitakuaibisha.

Mapacha wameanza kutabasamu.

Binti na mpwa wenu

*

Karakana, 21 Julai

Bi Vitufe,

Marahaba! Leo nakuandikia naona ninachokiandika, na nimeshangaa jinsi karakana yangu ilivyo chafu. Bandeji zimetolewa juzi. Jicho limepona, daktari ameniruhusu kusoma kidogo kidogo, na miwani mipya nimeagiza.

Baba yako alikuja leo kama kawaida, akanisomea barua yako mpaka mwisho. Sikumwambia kwamba sasa naweza kusoma mwenyewe. Nilijifanya mwanga unaniumiza. Sijui kwa nini, nilitaka tu aisome yeye.

Alipomaliza akakaa. Halafu akasema mchezo wako una kosa. Alikwenda kuucheza kule wanakokodisha kompyuta, amepigwa na foleni ya wateja mara saba, na umeweka dawa za watoto rafu ya chini ambako mtoto mwenyewe anafikia. "Hilo haliruhusiwi katika duka lolote," akasema kwa uchungu kabisa, nami nikajizuia kucheka. Ndipo akaingiza mkono mfukoni, akatoa fomu, akaiweka juu ya taipureta ya kijivu.

Imesainiwa. Ndiyo hiyo humo ndani, usiipoteze! Lakini kabla hujaikimbiza chuoni, tazama tarehe iliyo chini ya sahihi. Mimi niliiona kwa jicho hili jipya nikadhani bado linanidanganya. Tarehe 9 Juni. Siku ile ile.

Nikapandisha hasira. Nikamwambia, shemeji, wiki sita mtoto wa watu roho iko juu, na mimi umeniacha nakuombea dua gizani, na kumbe ulishasaini! Unajua alinijibu nini? Aliangalia viatu vyake. "Kwangu mimi huandika mistari mitatu," akasema. "Yuko salama, anasoma, anashukuru. Sikujua kama anaongea hivyo. Nikajua nikiipeleka fomu, barua hizi ndiyo mwisho, atakuwa hana tena la kuomba."

Nilimwongezea chai.

Mjomba wako,
fundi

*

Bwenini, 27 Julai

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na duka halijambo. Mimi mzima. Fomu imepokelewa jana saa nne asubuhi, karani akaigonga muhuri, na nikamshukuru mpaka akaniuliza kama naumwa. Rafu nimeirekebisha, dawa za watoto ziko juu na zina kufuli. Mjomba ananiambia ulishindwa mara saba. Wenzangu wengi hawakufika hata ya tatu, walikata tamaa.

Barua hii nimeiandika kwako na siombi kitu.

Kuna jambo nataka kukueleza tangu wiki iliyopita, na nimeona nianze na wewe. Ni kuhusu michezo ya mbio za magari. Watu wanaisifu, lakini mimi naona haina maana hata moja, na nina sababu sita. Vuta kiti, Baba, kwa sababu ya kwanza pekee imechukua kurasa mbili.